Barua ya wazi kuhusu Jenerali Broglio na wazee wa Ngomeni

Kwenu wakuu mliokabidhiwa mambo ya anga za juu, elimu na turathi, mlioko Nairobi na mlioko hapa kwetu Kilifi,

Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, mimi ni fundi wa mashine za boti hapa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Riziki yangu inatoka kwenye injini zilizokunywa maji ya chumvi. Sina cheo cha kuwaandikia wakubwa, na kwa kweli sikupanga kuandika hadharani. Nilianza kwa adabu: nilikwenda ofisi moja mara mbili, mara zote mbili nikaambiwa mhusika ametoka kidogo. Mara ya tatu nauli ikanishinda, nikaona heri kalamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule moja ya jirani iliniomba nije kuwaonyesha watoto wa gredi ya saba injini inavyofanya kazi. Nikabeba moja mbovu, nikaifungua mbele yao. Tulipomaliza nikawauliza: yale majukwaa ya chuma mnayoyaona mkienda baharini, na yale madishi makubwa yaliyoangalia mbinguni, yanaitwaje? "San Marko!" wakajibu kwa pamoja. Vizuri. Na kituo chenyewe, kile cha Waitaliano cha anga za juu, kimepewa jina la mtu, Luigi Broglio. Huyo ni nani? Kimya. Mwishowe kijana mmoja wa nyuma akainua mkono: "Ni mwenye pizeria."

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kwa mtoto wa Malindi jibu lile lina akili ndani yake. Mwitaliano anayemjua ni wa hoteli, wa pizeria, au wa lile jumba la makuti lenye mlinzi getini. Lakini nikiwa njiani kurudi, injini nimeipakia kwenye bodaboda, kicheko kiliniishia. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi pale miaka mingi, na mjukuu wa mwenzake aliyeshika naye kamba moja hajui lile jina ni la nani.

Basi niwaeleze ninavyomjua mimi.

Luigi Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venezia, mwaka 1911. Alisomea uhandisi Roma, akavaa sare, akawa afisa mhandisi wa Jeshi la Anga la Italia, akifanya utafiti Guidonia, nje kidogo ya Roma. Vita Kuu ya Pili ilimkuta humo. Sasa hapa ndipo mambo yanapotugusa sisi. Oktoba 1940 ndege za jeshi hilohilo zilikuja Malindi zikadondosha mabomu. Broglio hakuwa rubani wala hakulidondosha bomu lolote hapa, lakini nembo ya kwenye sare ilikuwa ileile. Na wakati huo babu yangu alikuwa Keya. Wale wasiolijua neno hili wawaulize wazee: Keya ni askari wa King's African Rifles. Mwaka 1941 alitembea na wenzake kuingia Somalia ya Waitaliano, wakaendelea mpaka Uhabeshi. Alirudi na kovu la paja, blanketi la jeshi, na tabia ya kutokula makaroni mpaka anaingia kaburini. Alisema amewahi kuyala siku tisa mfululizo baada ya kuteka ghala lao, na yanatosha kwa maisha ya mtu mmoja.

Vita vilipokwisha Broglio alibaki na mambo mawili mkononi, jeshi na chuo. Miaka ya 1950 alishika uongozi wa skuli ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akimrithi Gaetano Arturo Crocco, na wakati huohuo akipanda vyeo jeshini hadi akawa jenerali. Huko Sardinia, mahali paitwapo Salto di Quirra, yeye na wenzake walirusha roketi ndogo za kupima hewa ya juu mapema mwaka 1961. Mwaka huohuo akaipelekea serikali ya Waziri Mkuu Amintore Fanfani mpango uliosikika kama ndoto ya mchana: Italia itengeneze setilaiti yake, na irushwe na Waitaliano wenyewe, kutoka baharini, penye ikweta.

Kwa nini ikweta? Watoto wa gredi ya saba nao waliniuliza. Niliwajibu kwa mfano wa bembea. Dunia inazunguka kwenda mashariki, na hapa katikati ya tumbo lake kasi ni kubwa kuliko kokote, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inapewa kasi hiyo bure, kama mtoto anayeruka kutoka kwenye bembea inapokwenda mbele. Tena mashariki mwetu ni bahari tupu. Kipande kikianguka, kinaangukia maji. Ngomeni iko chini ya digrii 3 kusini mwa ikweta. Mtu aliyekaa Roma na ramani na rula ndiye aliyeliona hilo, sisi wenyewe tulikuwa tunajua tu kwamba hapa kuna kamba wa kutosha.

Roketi ilikuwa ya Marekani, aina ya Scout, yenye vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine kwa fueli ya yabisi. Hilo lilitokana na makubaliano ya mwaka 1962 na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa la kuchimbia mafuta, lilipatikana kwa msaada wa Enrico Mattei, mkuu wa kampuni ya mafuta ya ENI. Jukwaa la kurushia ndilo waliloliita San Marco, na Santa Rita likawa chumba cha kuongozea, mbali kidogo, nyaya zikipita chini ya maji kutoka moja hadi jingine. Tarehe 15 Desemba 1964 kikosi cha Broglio kilirusha San Marco 1 kutoka kisiwa cha Wallops, Marekani. Italia ikawa nchi ya tatu, baada ya Wasovieti na Wamarekani, ambayo watu wake walirusha setilaiti yao kwa mikono yao. Kisha wakaja kwetu kumalizia kazi.

Kwa hesabu ya babu walikuwa wamekwisha kuja. Mwaka 1964, uhuru wetu ukiwa haujatimiza hata mwaka, roketi ndogo za majaribio zilipigwa kutoka Santa Rita. Alipoiona ile meza ya chuma imesimama ndani ya Ghuba ya Ungwana na kusikia kwamba wenyewe ni Waitaliano wa jeshi la anga, alimwambia bibi, "Hawa wamerudi kunimalizia." Wiki chache baadaye alikuwa ameajiriwa nao. Nyumba ilikuwa na watoto sita, na kusi lilikuwa limeanza, msimu ambao nyavu hazilipi.

Sitawadanganya kwamba babu alikuwa rafiki wa jenerali. Alikuwa baharia wa boti, anavusha watu na mizigo asubuhi na kurudi nao jioni. Alikuwa pia bingwa wa kamba. Kupakua mzigo kutoka kwenye boti inayopanda na kushuka kwenda kwenye jukwaa lisilosogea si mchezo: ukikaza mapema, kamba inakatika, ukilegeza, sanduku linagonga nguzo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mfereji kwenye kiganja, umechimbwa na kamba hizo, na sisi wajukuu tulikuwa tunapitisha kidole humo. Habari za vita kati yake na wale mafundi, ingawa kila mtu alijua mwenzake alikuwa upande gani, hakuna aliyekuwa anazitaja. Ila babu alisema kuna fundi mmoja mtu mzima aliyeliona kovu la paja, akauliza kwa ishara, akajibiwa kwa jina moja tu, "Gondar", mji wa Uhabeshi walikopigana. Yule fundi akafungua pakiti ya sigara, akampa yote.

Tarehe 26 Aprili 1967, Jumatano, San Marco 2 ikapaa kutoka hapa. Waheshimiwa, naomba msome tarehe hiyo mara mbili. Miaka mitatu na ushei baada ya bendera yetu kupandishwa, kutoka kwenye maji ya Ngomeni, kitu kilichotengenezwa na binadamu kilipanda kikaanza kuizunguka dunia.

Ndani ya setilaiti hiyo kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, mizani ya Broglio. Mimi kama fundi, hicho ndicho kinachonifanya nimvulie kofia kuliko jukwaa na roketi. Kule juu, kilomita mia mbili na ushei, tunadhani hakuna hewa. Ipo, nyembamba mno, na inaisukuma setilaiti kidogo kidogo mpaka inaiangusha. Utaipimaje hewa isiyoweza kutikisa hata unyoya? Yeye alitengeneza setilaiti kama chungu ndani ya chungu: gamba jepesi nje, kiini kizito ndani, vimeunganishwa na mikono inayonyumbuka. Hewa inalisukuma gamba, kiini kinasita, na ile tofauti ndogo baina yao ndiyo kipimo. Nilipomweleza babu uzeeni, aliufahamu kabla sijamaliza sentensi. "Ni tanga na demani," akasema, yaani ile kamba ya kuongozea tanga. Tanga linashika upepo, chombo ni kizito, na nahodha hahitaji kuuona upepo. Anashika demani mkononi anaujua ulivyo. Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mtu yeyote mwenye digrii.

Halafu kuna Uhuru. Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970, siku tuliyotimiza miaka 7 ya uhuru, kikosi cha Broglio kilirusha setilaiti ya NASA, ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi moja tu ya kutazama miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Msimamizi wa mradi, mama mmoja wa NASA aitwaye Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili kwa heshima ya nchi hii na siku ile. Uhuru. Ilitazama mbingu hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo. Kimoja, Cygnus X-1, ndicho kilichowafanya wataalamu waanze kukubali kwamba mashimo meusi, yale ya angani ambayo hata mwanga hauwezi kuyatoroka, si hadithi ya kwenye karatasi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Kwa hiyo katika vitabu vya elimu ya nyota, popote duniani, kuna neno la Kiswahili, na lilipatia umaarufu wake hapa, mbele ya mikoko yetu na mashamba ya chumvi. Mtoto wa Ngomeni anapaswa kulikuta neno hilo shuleni kabla hajalikuta kwa bahati kwenye simu.

Nitapita haraka kwenye miaka iliyofuata, ingawa kila urushaji ulikuwa na mambo yake. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilipaa kutoka San Marco, za Waitaliano, za Wamarekani, hata ya Waingereza, Ariel 5, mwaka 1974.

Ya mwisho niliishuhudia. Ilikuwa tarehe 25 Machi 1988, Ijumaa, kaskazi likiwa linaisha, nami nina miaka minane. Wavuvi walikuwa wamekwisha kukatazwa kuingia ghubani. Babu, aliyekuwa amestaafu, alinibeba mabegani ingawa mgongo ulikuwa unamuuma. Nilichokiona kwanza ni mwanga juu ya maji, bila sauti yoyote, kama mtu amewasha kiberiti mbali sana. Nikamwuliza mbona haulii. Akasema subiri. Ukapanda. Ndipo ngurumo ikatufikia, si masikioni, kifuani, na mbuzi wa jirani wote wakakata kamba. Babu hakuangalia juu kama watu wengine. Alikuwa anaangalia jukwaa, akahesabu kwa Kiitaliano kibovu, kisha akasema, "Limesimama." Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima: kwa aliyelifunga kamba, ajabu ni kwamba lilikuwa limebaki wima.

Tangu siku ile hakuna roketi iliyobeba setilaiti kutoka hapa. Madishi yanaendelea na kazi. Chombo cha NASA kiitwacho Swift, kilichorushwa mwaka 2004, kimeteremsha taarifa zake kupitia Malindi kwa miaka mingi. Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89, na kituo kikapewa jina lake. Waitaliano wanamwita baba wa safari zao za anga. Kuna hata sayari ndogo, nambari 18542, inayoitwa Broglio. Mwenzetu, kwa hivyo, hana upungufu wa kumbukumbu kwao na hata huko mbinguni. Upungufu uko kwetu.

Najua kuna watakaosema, ya nini kumpigia debe jenerali wa Kiitaliano? Mikataba ya pale ilitunufaisha kiasi gani? Ni swali la haki, na mkataba uliotiwa saini mwaka 2016 ulikuja baada ya maswali kama hayo kuulizwa kwa miaka mingi. Sina nia ya kuingia huko, wanasheria wapo. Mimi nasema kitu kidogo zaidi. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na kilekile Chuo Kikuu cha Roma, La Sapienza, kilipata kisetilaiti chake cha kwanza, sanduku la sentimita 10 kila upande, kikaachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2023 Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ikarushwa kutoka California. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini nikiwa karakana nimeshika spana, redio ikitangaza kwamba Kenya sasa "imeingia" katika anga za juu, nilijiuliza: wale wazee waliokuwa wanavuta kamba mwaka 1967 walikuwa wameingia wapi?

Hao ndio ninaowaandikia kwa ajili yao. Jenerali ana sayari. Aliyepika chai kwenye jukwaa, aliyezamia kukagua nguzo, aliyechomelea, aliyelinda geti usiku, hao hawana hata karatasi. Niliwahi kuhesabu na mama yangu wale tunaowafahamu ambao bado wako hai. Tulianza kwa vidole vya mikono miwili, tukamaliza kwa mmoja. Mmoja wao haoni tena, ila ukimtajia Santa Rita anakuonyesha kwa mkono ilipo, na hakosei.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya kutisha. Leteni mtu mmoja na kinasa sauti, anayejua Kiswahili cha hapa na Kigiriama, akae na wazee hao kabla kusi nyingine haijaisha. Wasiulizwe kuhusu roketi tu. Waulizwe walikula nini, waliambiwa nini, nani alianguka baharini na nani alimtoa. Kisha iandikwe habari ya Broglio kwa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, yote: sare, vita, chuo, mizani yake, na ukweli kwamba alikuja kujenga mahali ambapo jeshi lake lilikuwa limepiga mabomu miaka 24 kabla. Msimtakase. Watoto wana akili ya kubeba mambo mawili kwa pamoja. Mimi nililelewa na mzee aliyewapiga Waitaliano risasi kisha akawavusha kwa boti, na hakuwahi kuona kwamba moja linafuta jingine. Iwekwe pia mbele ya kituo, upande wa nje ya uzio ambako mpita njia anaweza kusoma, majina ya wafanyakazi wa hapa chini ya jina la jenerali. Na siku moja kwa mwaka, watoto wa shule za Ngomeni, Gongoni na Mamburui waruhusiwe kuingia. Tarehe nzuri ipo, hamhitaji kuitafuta: tarehe 26 Aprili 2027 San Marco 2 inatimiza miaka 60.

Babu alifariki mwaka 2003. Medali yake ya Keya iko kwa mjomba, hatukubaliani juu ya hilo na hayo ni ya nyumbani. Mimi nilirithi boliti. Ni ya chuma, nene kama kidole gumba cha mtu mzima, ilibaki siku ya kufunga ngazi ya San Marco na mwenye mzigo akamwambia achukue. Kwa miaka thelathini aliitumia kama chubwi kwenye mshipi wake wa kuvulia changu. Imeliwa na chumvi, kichwa kimebaki na pembe nne badala ya sita, na shingoni kuna alama ya mahali mshipi ulipokuwa unafungwa. Siku mtakapofungua chumba cha kuhifadhi vitu kama hivyo nitaileta mwenyewe, mradi nipewe risiti.

Wenu,
Mjukuu wa Keya,
karakana ya boti, Ngomeni